Vifuu, Tui na Changu Wawili

Leo alasiri nilichoma changu wawili nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga, na ninaandika haya nguo zangu zikiwa bado zinanuka moshi, kwa sababu nataka yabaki mahali mambo ambayo mikono yangu ilichelewa kuyajua. Samaki niliwanunua asubuhi katika soko la Deep Sea, macho yao yakiwa angavu na matamvua mekundu. Mama mdogo alikuwa amekuja kututembelea pamoja na mjukuu wake wa miaka tisa, ambaye huniita shangazi, na mtoto huyo ndiye aliyeomba samaki wa kupaka.

Watu wengi wakitaja samaki wa kupaka huizungumzia nazi kana kwamba kazi yake ni tui peke yake. Bibi yangu hakuwahi kutupa kifuu. Alipomaliza kukuna nazi kwenye mbuzi, alivianika vifuu juani hadi vikauke kabisa, akavitia katika gunia karibu na mlango wa jikoni, na siku ya kuchoma samaki hakuhitaji kununua mkaa. Hata brashi yake ilikuwa kipande cha kumbi alichokiponda ncha mpaka ikawa nyuzi. Nazi ndiyo iliyompa kitoweo, moto na chombo cha kupakia, na mimi nilikuwa mtu mzima kabla sijauona uzuri wa mpango huo.

Moto wa vifuu una tabia yake. Mwanzoni huwaka kwa ndimi ndefu na moshi mzito, na anayeweka samaki wakati huo hupata ngozi nyeusi juu ya nyama iliyo mbichi mfupani. Inabidi kungoja mpaka ndimi zishuke na vifuu vigeuke makaa mekundu yenye utando mwembamba wa majivu. Makaa hayo ni makali sana, lakini kwa kuwa kifuu ni chembamba hayadumu, hivyo Bibi aliwasha rundo la pili pembeni, akawa anayasogeza makaa mapya chini ya wavu kidogo kidogo. Leo nilifanya hivyo hivyo, nikitumia vifuu vya miezi miwili.

Changu niliwapaa, nikawatumbua, nikawachanja mara tatu kila ubavu, kisha nikawasugua kwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili iliyopondwa. Baada ya kama saa moja niliwafuta kwa kitambaa safi, hatua ambayo zamani niliidharau. Maji yakiwapo juu ya ngozi, joto la hapo haliwezi kupita nyuzi 100 mpaka yote yawe mvuke, na muda wote huo samaki anachemka badala ya kuchomeka, kisha ananata kwenye wavu na kuacha ngozi yake huko. Samaki mkavu juu ya wavu uliopashwa moto na kupakwa mafuta hugeuzwa bila kuraruka.

Kwenye kupaka ndiko nilikokosea kwa miaka mingi. Nilikuwa nikimimina tui mara tu samaki anapogusa wavu, likidondoka juu ya makaa, moto ukilipuka, na lile lililobaki juu ya samaki likiungua na kuwa chungu kabla nyama haijaiva. Nilidhani kasoro ni ya nazi. Bibi alichoma kwanza samaki mtupu, akiangalia jicho lake. Jicho likigeuka jeupe na nyama ya kwenye mchanjo ikiachia mfupa, ndipo alipochukua tui la kwanza, lililokwisha kupikwa taratibu na ukwaju, bizari na chumvi hadi likawa zito, akampaka safu nyembamba, akaiacha ikauke, akamgeuza, akapaka tena. Leo nilipaka mara nne kila upande. Safu ya mwisho ilikuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, na Mama mdogo alipoionja alinyamaza kidogo, kisha akamtaja Bibi kwa jina.

Tulipokuwa tunakula, mtoto aliuliza kwa nini sikutumia mkaa kama mama yake. Nilimjibu kwa dhati, kwa kuwa jambo hili linaniumiza. Mkaa huanza na mti uliokatwa, na katika tanuri la udongo sehemu kubwa ya nguvu ya mti huo hupotea kabla gunia halijajazwa. Kwenye pwani yetu mikoko nayo hukatwa kwa ajili ya kuni na mkaa, ilhali samaki wengi wachanga hujificha na kukulia katikati ya mizizi yake. Kumchoma samaki kwa mti uliomlea ni hasara ambayo siwezi kuizoea. Simlaumu mwenye jiko moja na watoto wa kulisha. Ila mahali nazi zinapokunwa kila siku, inanisikitisha kuona vifuu vimetupwa jalalani.

Aliniomba nimwonyeshe gunia. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, kwa hiyo tulivipanga vifuu vinne vya nazi mbili za leo ukutani, midomo ikitazama juu, ili asubuhi jua livikute hapo.