Kumbukumbu ya Mradi: Kuuza Stempu za Mjomba kwa Bei ya Haki

Mikindani, Juni

Mjomba alituachia albamu mbili na bati la biskuti lililojaa bahasha kuukuu. Kwa kuwa kwetu mali ya mjomba huwafikia watoto wa dada zake, tupo wapwa wanne tunaohusika, na kikao cha familia kilichofanyika nyumbani kwa mama mkubwa kilinikabidhi kazi ya kuuza na kutoa hesabu ya kila shilingi. Ninaandika kumbukumbu hii ili wenzangu wajue kilichofanyika, na pia kwa ajili ya yeyote huku Mtwara au Lindi ambaye ana bati kama hili juu ya kabati na hajui aanzie wapi.

Mnunuzi wa kwanza alifika kabla sijalifungua bati. Alipindua kurasa za albamu kwa muda wa dakika kumi hivi, akasema atatoa shilingi 180,000 kwa mzigo wote, na kwamba pesa anazo mfukoni. Sikuwa na hoja ya kumjibu kwa sababu sikujua ninauza nini. Nilichokumbuka ni kangomba: mtu anaingia kijijini na chombo chake, anampimia mkulima korosho kwa kipimo chake na kwa bei yake, na mwenye shida anakubali. Nilimwomba anipe muda wa kuhesabu, naye hakurudi tena.

Julai

Mvua zimekwisha na kusi inavuma, hivyo huu ndio wakati mzuri wa kufungua karatasi za zamani katika mji huu wa pwani. Unyevu umeharibu vitu vingi: baadhi ya stempu ambazo hazijatumika zimegandana kwa gundi yake yenyewe, na nyingine zina madoa ya rangi ya kutu ambayo hayatoki. Nilinunua kibano chenye ncha bapa, kioo cha kukuza na kipimo cha meno, yaani kadi inayoonyesha idadi ya matundu katika kila sentimita 2 za ukingo wa stempu. Kipimo hicho kimenifaa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za wakati wa Mfalme George VI, zenye picha ileile na rangi ileile, zinaweza kutofautiana bei kabisa kwa sababu ya matundu hayo peke yake.

Stempu ya senti 50 yenye jahazi katika Ziwa Victoria ilinikalisha mezani usiku kucha. Katika stempu hiyo zipo chache ambazo kamba haijaungana na tanga, nazo huthaminiwa kuliko zile zilizo kamili. Sisi tuliokulia ufukweni tunajua kamba ya tanga inavyopaswa kukaa, kwa hiyo nilizipitia zote 12 kwa makini sana. Kamba zote zimeungana.

Jambo moja la kusikitisha lilitokea mwezi huu. Dada yangu, kwa nia njema, alianza kuloweka bahasha katika beseni ili abandue stempu zake, na bahasha tatu ziliharibika kabla sijamzuia. Stempu iliyobanduliwa hubaki stempu ya kawaida, ilhali bahasha nzima yenye muhuri wa posta unaosomeka, tarehe na njia iliyopita ni ushahidi ambao haupatikani tena. Baada ya hapo niliomba familia nzima isiguse kitu chochote, isikate, isisafishe wala isibandike kwa gundi.

Agosti

Hesabu imekamilika, na imepindua matarajio yetu yote. Albamu, ambazo tulizidhania kuwa ndiyo mali yenyewe, zimejaa stempu za samaki za 1967, vipepeo vya 1973 na nyingi za miaka ya 1980 na 1990. Zinapendeza macho, lakini zilichapishwa kwa wingi na hakuna anayehangaika kuzitafuta. Zimo pia stempu nne za Kionga, ile pembe ya ardhi iliyo kusini ya mdomo wa Ruvuma ambayo Wareno waliitwaa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wakachukua stempu za Lourenço Marques (Maputo ya leo) na kuzipiga chapa ya jina la Kionga. Wazee walifurahi sana kuziona, na mimi pia, ila bei yake ni ya kawaida kwa sababu zilizosalia zinawatosha wanaozitaka. Umri wa stempu haupandishi bei ikiwa hakuna wanaoigombania.

Stempu moja ina chapa ya G.R. MAFIA (G.R. ni kifupi cha Mfalme George), ya wakati Waingereza walipokuwa wamekishika kisiwa cha Mafia. Chapa hiyo imeghushiwa mara nyingi mno, na cheti cha wataalamu, kama wale wa Royal Philatelic Society London, kina gharama yake. Nimeiandika katika orodha kuwa haina uthibitisho, kwa kuwa anayedai bei ya haki anapaswa kusema ukweli kuhusu bidhaa yake.

Thamani iko ndani ya bati. Mjomba alikuwa tarishi kijana huko Nachingwea wakati wa mradi wa karanga, yaani mashamba makubwa ya karanga ya serikali ya Kiingereza, ule ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, na aliokota bahasha ambazo ofisi zilizitupa. Zimebaki 61: za Nachingwea 34, za Lindi 11, za Mtwara 9 na za hapa Mikindani 7.

Septemba

Nimejifunza kusoma katalogi, yaani kitabu chenye orodha ya stempu na bei zake. Bei iliyochapishwa humo ni ile ambayo duka humuuzia mteja stempu moja iliyo katika hali nzuri. Haisemi duka litamlipa nini mwenye kuuza. Mfanyabiashara anatoa kodi, anasubiri mteja kwa miaka, na nyingine hazimtoki kamwe, ndiyo maana hulipa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Kulijua hilo kumenisaidia kutomwona kila mnunuzi kuwa mwizi.

Kisha niliiga mnada wa korosho. Niliyagawa mafungu kwa daraja, nikapiga picha za mbele na nyuma za kila bahasha, nikatuma orodha moja kwa wanunuzi watatu na kuwataka walete bei kwa maandishi kabla ya tarehe 30, bila mmoja kujua ya mwenzake.

Oktoba

Majibu ya fungu la Nachingwea yamefika. Mkusanyaji wa Dar es Salaam ametoa shilingi 310,000. Mfanyabiashara wa Uingereza ametoa 540,000, na usafirishaji ni juu yake. Wa tatu ametaka bahasha sita tu kwa 260,000, na nilipolinganisha picha nikaona ni zile sita zenye mihuri iliyo wazi kuliko zote. Ukigawa kwa idadi, bei yake kwa kila bahasha ndiyo ya juu, lakini zile 28 zingebaki bila kichwa na pengine zisingepata mtu.

Nilipima pia njia ya mnada wa Ulaya. Nyumba moja ya Ujerumani ilikadiria kiasi kinacholingana na shilingi 700,000, lakini inakata asilimia 20, na kutuma kwa bima kungegharimu kama 95,000. Tungebaki na 465,000, baada ya kusubiri miezi kadhaa, na makadirio si ahadi. Niliwasomea wenzangu hesabu hiyo nyumbani kwa mama mkubwa, naye akauliza swali moja: "Mwanangu, huyu wa Uingereza analipa kabla au baada?" Niliandika sharti kwamba malipo yaingie benki kwanza, naye amekubali.

Novemba

Pesa zimeingia tarehe 6 na bahasha 34 zimetumwa kwa rejesta siku iliyofuata, kila moja ikiwa na nambari inayolingana na picha yake. Kila mpwa amepata shilingi 135,000 na ametia saini. Albamu zimechukuliwa na mwalimu mmoja anayefundisha watoto kukusanya stempu, kwa shilingi 60,000, na stempu ya Mafia bado ipo kwangu. Bahasha za Lindi na Mtwara zitapangwa katika orodha ya pili baada ya Krismasi. Zile 7 za Mikindani familia imeamua zisiuzwe, na mama mkubwa ameshazitafutia fremu.