Shangazi na boksi la njano

Jana usiku nilikuwa kwenye simu nikisaka pointi za kuhuishia leseni, upepo wetu wa Dodoma unagonga mabati, maana mwaka ukigeuka Baraza la Uuguzi na Ukunga halitaki hadithi. Swali likaja: boksi la njano la sindano na vitu vyenye ncha kali lifungwe likijaa kiasi gani? Robo tatu. Nikabonyeza, nikapata. La pili nikashindwa kulisoma, nimeshamkumbuka Shangazi, mhudumu wetu wa usafi.

Ni enzi zile za Kongwa, kabla sijahamia mjini. Mabofisa walikuja kutupa mafunzo kazini ya kujikinga na maambukizi. Manesi wote ukumbini, chai, chapati, karatasi ya kusaini mahudhurio. Wodini alibaki nesi mmoja, na nje walibaki wahudumu, kwa sababu barua ilisema wauguzi.

Shangazi akatokea dirishani. "Sista, samahani. Njoo mara moja."

Nikadhani kuna mgonjwa. Kumbe amesimama kwenye kivuli cha mwarobaini, mkono wa kushoto ameukunja ndani ya kanga, anakamua kiganja kwa nguvu zote. Alikuwa anapeleka boksi kwenye tanuri. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni, maana mapya yalikuwa hayajaletwa, na sindano moja ilikuwa imetoboa ubavu. Nikamwambia, "Shangazi, acha kukamua." Bombani maji hakuna, kama kawaida. Nikamwekea mkono chini ya ile ndoo ya koki, nikampa sabuni ya kipande, maji yakawa yanatoka wembamba wa uzi. Hapo tulikaa muda mrefu. Damu yenyewe ilikuwa tone tu. Yeye ndiye aliyekuwa ananiomba radhi, eti amenitoa kwenye masomo.

"Na humo ndani mnafundishwa nini?"

"Hayahaya, Shangazi."

Akacheka mpaka akashika ndoo.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Sindano ya nani, hakuna wa kujua, boksi ni la wodi nzima. Akapimwa, akaanza dawa za kuzuia VVU alasiri ileile. Zinatakiwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Siku 28 za kichefuchefu, na kufagia hakuacha. Nilimtuliza kwa hesabu niliyoijua: wanaochomwa na sindano yenye VVU, bila dawa, huambukizwa kama 3 kati ya 1,000. Sikumtajia homa ya ini B, ambayo huambukiza kirahisi zaidi. Sisi manesi tulishachanjwa dozi zote tatu. Yeye hakuwa na hata moja.

Vipimo vya baadaye vilitoka salama. Kwenye kikao nililisema suala la wahudumu, mfawidhi akaandika kwenye daftari. Mafunzo yaliyofuata waliitwa wahudumu wawili, Shangazi hayumo, ilikuwa zamu yake ya usafi. Labda ningepiga kelele zaidi. Labda ningehamishwa mapema zaidi, nani ajuaye.

Siku moja nikamuuliza kwa nini hakudai chanjo. Akasema alidai. Jina lake liliandikwa la mwisho kwenye orodha, kwa kalamu ya risasi, na dozi ziliishia kwa mlinzi.