Asilimia mia ya nini?

"Dada, prosesa iko asilimia mia. Tuombe seva mpya tu."

"Asilimia mia ya nini?"

"Ya kazi, dada. Ya kazi!"

Mwenzangu wa kazini akacheka, akashuka kunywa chai. Tangu Jumanne tumehamia ghorofa ya pili na nyumbani imeletwa posa ya mdogo wangu, lakini mimi kichwani ni "ya kazi, dada" asubuhi hadi usiku. Ningemjibu nini pale pale?

Kicheko hakikuniuma. Kilichoniuma ni hiyo asilimia, maana inahesabu hata muda ambao prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imekwama ikingoja data kutoka kwenye memori. Mpishi anayengoja maji yaletwe naye angeandikwa anapika.

Ukweli uko kwenye vihesabio vilivyomo ndani ya prosesa yenyewe, vinavyohesabu kazi iliyofanyika kweli, na kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) inavisoma kwa zana iitwayo perf tangu toleo la 2.6.31, mwaka 2009. Kwenye mashine pepe yetu, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya seva nyingine, havikuonekana kabisa, kwa kuwa hiyo seva mama haikuvipitisha. Nikaomba seva halisi, yenye Debian, aina mojawapo ya Linux. CONFIG_PERF_EVENTS, sehemu ya kerneli inayowezesha vipimo hivi, ilikuwa imewashwa, ila perf_event_paranoid, kiwango cha ulinzi wake, ilikuwa 3: mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kupima chochote. Nikaishusha hadi 1 kwa sysctl, amri ya kubadili mipangilio ya kerneli, bila kuiandika kwenye faili, ili mashine ikiwashwa upya ulinzi urudi wenyewe. Nikazima na nmi_watchdog, mlinzi anayeangalia kama prosesa imeganda, maana nayo hukalia kihesabio kimoja, nami nilivitaka vyote.

Alhamisi jioni namba zikatoka. Maagizo 0.4 kwa kila mzunguko, yaani kila pigo la saa ya prosesa, kwenye prosesa inayoweza kumaliza manne! Na data iliyokosekana kwenye kache, memori ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ilikuwa nyingi mno. Nilisimama kwa furaha. Prosesa haijalemewa, inangoja memori. Tukinunua yenye kasi zaidi, nayo itakuja kungoja vilevile. Cha kupanga upya ni data yetu.

Ajabu, hasira yote iliisha hapo. Wiki yangu ya kwanza kazini ni yeye aliyenikalisha akanifundisha sysctl, mnakumbuka niliandika. Jumatatu nitamwita tuzisome namba pamoja, chai nitaleta mimi.

Ila Mama kabadilishiwa dawa ya presha na hataki kunitajia jina lake. Nikimuuliza, anaanza habari za mahari.