Nilivyoweka seva pacha za ujumbe wa sauti ofisini

Kampuni yetu ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam inaishi kwa simu za usiku. Dereva akikwama Tunduma saa nane usiku haandiki barua pepe. Anapiga namba ya ofisi, anaacha ujumbe wa sauti, na asubuhi karani anausikiliza kabla hata ya chai. Kwa hiyo seva yetu moja ya Asterisk, programu inayoendesha simu za ofisi, ilipolala siku nzima, bosi aliniita: "Fundi, nataka ya pili. Hii ikizimika, ile iamke."

Kuhamisha simu hakukunisumbua. Nilitumia keepalived, programu inayofanya seva mbili zichungane: seva kuu ikinyamaza, ya akiba inachukua anwani yake ya IP (namba yake kwenye mtandao) ndani ya sekunde chache. Simu za mezani nikazipangia zijisajili upya kila dakika mbili badala ya kila saa, la sivyo zingebaki bubu, maana seva ya akiba haizijui mpaka zijisajili kwake.

Kasheshe ilikuwa kwenye jumbe zenyewe. Asterisk huziweka kama faili ndani ya /var/spool/asterisk/voicemail: msg0000, msg0001, kwenda mbele. Nikaweka rsync, programu ya kunakili faili, izipeleke seva ya akiba kila dakika tano. Siku ya majaribio dada wa mapokezi akaniita: "Kaka, mbona huyu dereva nimemsikia mara mbili? Na huyu si wa wiki iliyopita, nilishamfuta?"

Nilikuna kichwa hadi jioni. Kumbe ukifuta ujumbe wa kwanza, Asterisk inazipa namba upya zilizobaki: wa tatu anakuwa wa pili. Upande wa akiba lile faili la tatu la zamani linabaki palepale, kama mzimu. Nikaiongezea rsync agizo la --delete, yaani ifute upande wa akiba kila kisichopo upande wa kuu; mizimu ikaondoka. Nikajiona bingwa.

Mwezi haukuisha. Umeme ukakatika, seva kuu ikawaka tena lakini diski ya jumbe haikupachikwa, yaani mfumo haukuiunganisha. Folda tupu. Rsync, mtumwa mtiifu, ikaona upande wa kwanza hauna kitu, ikafuta kila kitu upande wa pili. Tulizookoa ni za wale tu ambao jumbe zao hutumwa pia kwenye barua pepe. Bosi hakufoka, alininyamazia, jambo ambalo ni baya zaidi.

Sasa ndani ya diski ile kuna faili dogo la alama. Rsync isipoliona, haifanyi kitu. Kila usiku nakala yenye tarehe inakwenda kwenye mashine ya tatu, nazo zinakaa siku 30, kwa sababu pacha anaiga hata makosa. Na seva kuu ikifufuka hainyang'anyi anwani: nairudisha mwenyewe kwa mkono, baada ya kunakili jumbe zilizoingia kwa mwenzake.

Jumamosi moja, ofisi tupu, nilichomoa kebo ya mtandao ya seva kuu, nikapiga kwa simu yangu: "Moja, mbili, tatu." Taa nyekundu ya ujumbe mpya kwenye simu ya mapokezi ikawaka. Nikaenda kula.