Mota ya Idd

Idd ile mpwa wangu alikuwa na miaka tisa, na tayari alishafungua redio ya bibi yake, tochi na saa ya ukutani. Gari la betri la dukani lisingefika adhuhuri. Nikamfungia boksi la viatu lenye vipande vya mota: betri moja nene ya tochi, volti 1.5, saizi D, pini mbili kubwa za nepi, sumaku mbili bapa za duara, mpira wa kufungia noti, msasa laini, na mita mbili za waya wa shaba wa nusu milimita. Waya huo usiutafute kwenye duka la vifaa vya umeme wa nyumba. Nenda kwa fundi anayesuka mota za feni, mabaki yamejaa sakafuni kwake. Ukiutazama utadhani uko mtupu, kumbe umepakwa vanishi isiyopitisha umeme.

"Mjomba, mbona hakijaungwa?"

"Unga wewe."

Akauzungusha waya mara kumi kwenye makapeni nene, akaacha sentimita tano kila upande, akaichomoa koili, yaani duara hilo la waya, na kuifunga kwa ncha zake zenyewe isifumuke. Ncha hizo lazima zitoke mkabala kabisa, zinyooke kama ekseli. Zikipishana, koili inaelemea upande mmoja na kila mara upande mzito utarudi chini. Kunyoosha kulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote.

Pini zilisimama kwenye ncha mbili za betri iliyolazwa, vitundu vikiwa juu, mpira ukizibana. Sumaku zikakaa mgongoni mwa betri, zinajishikia zenyewe. Koili ikapitishwa kwenye vitundu, ikining'inia milimita chache tu juu ya sumaku.

Kisha msasa. Alikwangua ncha zote mbili mpaka zikang'aa pande zote, kazi safi kabisa kwa macho. Koili ikayumba huku na huko, ikalala bapa, ikatulia. Ilikuwa haki yake: umeme ukipita bila kukatika, sumaku inaivuta koili mpaka ilale, kisha inaizuia hapohapo. Ncha moja ikwanguliwe yote, ila nyingine upande mmoja tu, koili ikiwa imesimama wima. Hapo umeme unakatika kila nusu mzunguko, na koili inapita kwa kasi yake yenyewe mpaka ishikwe tena.

Vanishi haikuwepo tena, lakini rangi ya kucha ya mama yake ilikuwepo. Tone moja kwenye nusu ya ncha, dakika kumi ikauke, akaisukuma koili kidogo kwa kidole (haijianzishi yenyewe) ikakamata. Ilizunguka hata waya hauonekani. Alipogeuza sumaku juu chini, ikazunguka kinyume, na hilo aligundua bila kuambiwa.

Baada ya muda ilikwama. Cheche huacha weusi kwenye shaba. Msasa mara mbili tatu, ikaendelea.

Betri ilikufa kabla ya alasiri. Koili fupi namna hii ni karibu sawa na kuunga chanya na hasi moja kwa moja, hivyo ikisimama inapata moto upesi na inabidi iondolewe. Weka betri ya akiba kwenye boksi. Betri ya simu usiiweke kabisa: kwa mzigo kama huo inaweza kuvimba na kuwaka.