Sampuli saba zilizonila wiki tatu

Kasha langu la kujumlisha sauti, yaani la kuchanganya chaneli za wimbo nje ya kompyuta, lilianza kufanya kazi ipasavyo Jumamosi usiku. Kabla sijasahau nilivyoteseka, nawaandikia hasa wale ambao, kama mimi, hutoa chaneli 8 kwenye kadi ya sauti na 8 nyingine kwenye kipanuzi kilichounganishwa kwa ADAT, kiungo cha kidijitali kinachobeba chaneli kwa waya wa mwanga.

Kuhusu kasha lenyewe sina mengi ya kusema. Halitumii umeme wowote: lina chaneli 16, nane za kushoto na nane za kulia, rezista za omu 10,000 kwenye kila waya wa ishara, na rezista moja ya omu 200 inayokatiza kila upande wa kutokea. Vipuri nilivinunua Luthuli Avenue, Nairobi, na bati nikakatiwa na fundi wa Kamukunji, ambaye aliniuliza mara mbili kama natengeneza jiko. Kwa hesabu, ishara inayopita humo hupungua kwa takribani desibeli 40, na ndiyo sababu inaingia kwenye priampu mbili za maikrofoni, yaani vikuza ishara, kabla ya kurudi kwenye kompyuta. Wengi husifu joto la sauti ya makasha ya aina hii; kwa maoni yangu joto hilo, kama lipo, hutoka kwenye priampu, maana rezista ni rezista tu.

Wimbo wa majaribio ulikuwa wa benga. Dramu zilitoka chaneli ya 3 na ya 4, na nakala yake iliyobanwa sana na kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) ikatoka chaneli ya 11 na ya 12, ili niipandishe kidogo kidogo chini ya ile ya kwanza. Ndani ya kompyuta mchanganyiko huo ulikuwa mzuri. Ulipopita kwenye kasha, snea, ile dramu yenye mlio mkali, ilipoteza ule mchapo wa fimbo, na kila nilivyozidi kuipandisha nakala, ndivyo dramu zilivyozidi kuwa tupu.

Nilizishuku kebo mara moja, kwa kuwa nilizichomelea mwenyewe. Katika mpangilio wa Tascam, wa viunganishi vya pini 25, chaneli ya kwanza hutumia pini ya 24 kwa ishara chanya, ya 12 kwa hasi na ya 25 kwa kinga, kisha chaneli ya pili inarukia 10, 23 na 11, hivyo kubadilisha nyaya mbili ni kosa la kufumba na kufumbua. Nilifungua viunganishi vyote vinne, nikapima pini moja baada ya nyingine kwa multimita, nikakuta kila waya uko mahali pake. Sikuamini. Nilivichomelea viwili upya, na kimoja nikakiunguza plastiki, basi nikarudi mjini kununua kingine.

Kumbe jibu nilikuwa nimeshapewa. Rafiki yangu mpiga besi alipita jioni moja, akasikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Hilo pigo la dramu ya mguu liko sawa kabisa, bwana. Ni huku juu ndiko dramu zinasikika kama zimepigwa ndani ya mtungi." Nilimjibu kwamba kebo ndizo mbovu. Ningefikiri kidogo ningekumbuka kwamba ishara iliyogeuzwa chanya kuwa hasi, ikijumlishwa na nakala yake, huanza kwa kuiua sauti nzito, na hapa sauti nzito ilikuwa imejaa tele. Kinachoacha chini na kuchimba mashimo juu ni ucheleweshaji mdogo.

Hatimaye nilitengeneza faili yenye mlio wa sampuli moja tu (kipimo kimoja kati ya maelfu ambavyo kompyuta hupima sauti kila sekunde), nikautuma kupitia chaneli ya 1, nikaurekodi ukirudi, kisha nikaurudia kupitia chaneli ya 9. Nilipoikuza picha ya mawimbi hadi nukta zikaonekana, mlio wa pili ulikuwa umechelewa kwa sampuli 7. Nilirudia mara tano, nikazima kila kitu na kuwasha tena, na bado zilikuwa 7. Saa ya kidijitali haikuwa na kosa, kwa sababu vifaa visivyofuata saa moja vingeachana zaidi kadiri muda unavyokwenda. Ni kwamba kipanuzi kina vigeuzi vyake vya kubadilisha ishara ya kidijitali kuwa ya analogi, vyenye vichujio vyake, na safari ya ADAT nayo huchukua muda wake, wakati programu hudhani chaneli zote 16 zinatoka kwa pamoja.

Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, sampuli 7 ni takribani milisekunde 0.146, na shimo la kwanza, yaani masafa ambayo ishara mbili hufutana, linaangukia karibu na hezi 3,429, palepale fimbo inapogusa ngozi ya snea. Niliweka kicheleweshi cha sampuli 7 kwenye chaneli 8 za kwanza (Reaper, programu ninayorekodia, ina kimoja kidogo kisicho na mapambo, na ndicho ninachokipenda kuliko vile vya kulipia), kisha nikatuma toni ya hezi 3,429 kupitia chaneli ya 1 na ya 9 kwa pamoja. Kicheleweshi kikizimwa, toni inakaribia kutoweka; kikiwashwa, inapanda desibeli 6 juu ya chaneli moja ikiwa peke yake. Nilikizima na kukiwasha labda mara ishirini, kwa raha tu.

Mita mbili za VU, za kuonyesha kiwango cha sauti, nilizokusudia kuzifunga wiki hii bado zimo kwenye mfuko wake wa khaki. Nimeanza kuupitisha mlio uleule kwenye kila kifaa kinachotoka nje ya kompyuta na kurudi, na kompresa ya kwanza niliyoipima, ambayo nimeichanganyia nyimbo mwaka mzima bila kuishuku, nayo inarudi ikiwa imechelewa.