Tulivyojipanga shuleni dhidi ya mimea yenye sumu

Nilipokabidhiwa huduma ya kwanza shuleni, kila niliyemuuliza kuhusu mimea yenye sumu alinipa jibu lile lile: mtoto akila kitu, mpe maziwa mengi, mtie kidole kooni atapike. Ushauri huo unanikera hadi leo. Mtoto aliyeanza kusinzia ukimtapisha, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Na maziwa hayaiondoi sumu ya mbarika wala ya mnanaha.

Ushauri wa pili ulikuwa kung'oa kila kitu. Kamati ikaupenda, kwa kuwa kazi yake inaonekana kwa macho. Mibarika iliyokuwa nyuma ya vyoo ikang'olewa yote, tukapongezana. Mvua zilipoanza, miche ikachomoza pale pale na hata mahali ambapo haikuwepo, maana tunda la mbarika likikauka hupasuka na kurusha mbegu. Oleanda za langoni nazo zilikatwa, matawi yakarundikwa karibu na uwanja wa michezo, ilhali oleanda hubaki na sumu hata ikikauka. Mmoja akataka kuyachoma. Nikakataa katakata, kwa sababu moshi wake pia hudhuru. Tukayazika. Kung'oa bado tunang'oa, ila siku hizi hakuna anayedhani kazi imeishia hapo.

Kilichonitia hofu zaidi ni mbarika. Mbegu yake ikimezwa nzima huweza kupita bila madhara, kwa kuwa ganda ni gumu. Ikitafunwa, sumu yake, risini, hutoka na kuzizuia seli kutengeneza protini. Dalili huchukua saa kadhaa kujitokeza, kwa hiyo mtoto anaonekana mzima na anaruhusiwa kurudi kucheza. Dawa ya kuibatilisha risini haipo. Hospitali hupambana na kutapika, kuhara na kuishiwa maji, na kuwahi kunasaidia sana. Tipitipi, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto huzitunga shanga, zina abrini, ndugu wa risini.

Basi tatizo letu kubwa likawa kumfanya mtoto aseme. Ukimuuliza "Umekula nini?" anajibu "Sijala kitu," kwa sababu anaogopa kuadhibiwa. Niliwaona walimu wenzangu wakilirudia swali hilo kwa ukali unaozidi, na mtoto akizidi kufunga mdomo. Nikabadilisha swali. Sasa tunamwambia kwa upole, "Twende unionyeshe mnapochezea." Akifika pale huonyesha mwenyewe kwa kidole: tulichuma hapa, huyu alitafuna, yule alitema. Ninajivunia swali hilo kuliko kitu kingine chochote tulichofanya. Mwalimu mkuu akakubali pia kutangaza mbele ya shule nzima kwamba anayesema alichokula haadhibiwi, wala mwenzake anayemsemea.

Pale pale tunachukua tawi lenye jani, ua na tunda, kwa mkono uliovaa glavu, tunalitia kwenye mfuko na kuandika saa, idadi ya mbegu kwa makadirio, na kama zilitafunwa. Mfuko unakwenda hospitali pamoja na mtoto. Daktari anauhitaji kwa sababu sumu hizi hazifanani. Mnanaha hutanua mboni, hukausha mdomo, humfanya mtu aweweseke na moyo wake uende mbio. Oleanda huvuruga mapigo ya moyo, na kwa sumu hiyo kuna dawa inayoweza kutumika: kingamwili dhidi ya digoksini, dawa ya moyo inayofanana na sumu ya oleanda.

Mzazi mmoja alinibishia kikaoni: mafuta ya mbarika hunywewa kama dawa, mbegu zitaua vipi? Swali zuri, na watu wengi wanalo. Risini huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo mbegu zikikamuliwa hubaki kwenye mashudu, na joto la kiwandani huiharibu. Mbegu mbichi haijapitia lolote kati ya hayo. Alielewa, na ndiye aliyejitolea gari lake kwa dharura.

Mazoezi tunayafanya kila muhula unapoanza. Mtoto mmoja anaigiza mgonjwa, mwingine anakimbia kuita mtu mzima, wa tatu anamsafisha mdomo kwa maji na kuhakikisha hapewi kitu cha kula. Namba za hospitali na za mwenye gari zimebandikwa mlangoni, kwa urefu ambao mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuzisoma.